Msafi na mkavu: mshono wangu, vumbi la Dodoma na maji ya moto ya mama mkwe

Karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitali, baada ya kujifungua kwa kisu, ilikua na mistari minne, yote Kiingereza, na ule mwandiko ambao hata aliyeuandika akiurudia kesho anaweza asiusome. Nikamuuliza sista hapa pameandikwaje, akaangalia, akasema "mshono uwe msafi na mkavu, urudi siku ya saba," akanirudishia karatasi akapita kwa mwingine, maana kitandani kwangu tayari kulikua na mzazi mwenzangu amekaa ukingoni na beseni lake anasubiri ninyanyuke. Simlaumu, wodi ilikua imejaa na yeye alikua peke yake.

Msafi na mkavu. Nikajisemea hilo nalo jambo, nani anashindwa.

Sasa njoo Nkuhungu mwezi wa nane. Asiyeijua Dodoma nimwambie tu kwamba kipindi hicho mvua ya mwisho ilishasahaulika, upepo unaanza asubuhi mpaka jioni, vumbi linapita chini ya mlango, linapita kwenye nyavu za dirisha, unafuta meza saa mbili na saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Maji ni ya mgao, mtaani kwetu yanatoka mara mbili kwa wiki, wiki nyingine yanatoka mara moja tena saa nane usiku, unaamshwa na sauti ya bomba linakohoa mnakimbilia madumu. Choo na bafu viko nje. Mume wangu anafanya kazi Mtumba, anaondoka gizani anarudi gizani. Alafu kuna binti yangu mkubwa, miaka miwili na nusu, ambaye kwake tumbo la mama ni trampolini. Ndani ya nyumba hiyo ndo nilitakiwa niwe msafi na mkavu.

Operesheni yenyewe sina mengi. Mtoto alikaa matako mbele, wakajaribu kusubiri, wakaona tusipoteze muda. Nikachomwa ganzi ya mgongo, miguu ikawa si yangu, na kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla ni kwamba maumivu husikii lakini mikono unaisikia, yani unasikia kabisa mtu anapekua humo ndani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba uliojaa. Wanapita ngozi, mafuta, utando mgumu, misuli wanaisogeza pembeni hawaikati, utando mwembamba, ndo mfuko wa uzazi. Kisha wanarudi wanashona kutoka ndani kuja nje. Mimi nilikatwa ule mshono wa kulala, chini kabisa, ambao wengi wanaupenda kwa sababu haujionyeshi. Uzuri wake unaujua. Ubaya wake nilikuja kuujua mwenyewe, mshono unakaa chini ya mkunjo wa tumbo, na tumbo la mtu aliyetoka kujifungua linaning'inia, kwa hiyo pale ndo mahali panapotoa jasho kuliko pengine pote mwilini na ndo mahali ambapo mwenyewe huwezi kupaona bila kioo.

Siku mbili za mwanzo hata usiguse ile bandeji, hilo wodini walitwambia vizuri. Kingo za ngozi zinashikana ndani ya saa 24 mpaka 48, na ile bandeji ya chumba cha upasuaji ndo safi kuliko kitu chochote utakachokuja kuweka baadaye. Walituambia pia tuamke kutembea siku inayofuata ili damu isigande miguuni, na ukikohoa ukumbatie mto. Ushauri wa mto niliuchukulia kama utani mpaka nilipofika nyumbani. Vumbi la Dodoma linaleta chafya. Chafya moja bila mto na unahisi kama mtu ameshika kingo mbili za tumbo lako anazivuta kama anapasua kitenge dukani. Tangu hapo nilitembea na mto wangu kama mtu anayehama.

Siku ya nne mama mkwe akaja kutoka Mvumi. Nataka nimwandike vizuri huyu mama kwa sababu nikisimulia hii habari watu wanakimbilia kumcheka, na mimi sitaki. Alishuka na kapu la unga wa uwele, karanga, mlenda mkavu, majogoo wawili wamefungwa miguu, na sufuria lake kubwa jeusi ambalo alilibeba mwenyewe mapajani njia nzima. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu, pole na kisu. Akamshika mtoto, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso. Alafu akauliza kuni ziko wapi.

Sufuria lile lilikua la kukandia.

Kama wewe ni mwanamke wa Tanzania huhitaji maelezo. Kwa wanaume wanaosoma: mzazi anakandwa, taulo linachovywa kwenye maji ya moto yanayotoa mvuke, linakamuliwa, linakandamizwa kiunoni, mapajani, na hasa tumboni, asubuhi na jioni, siku nyingi tu. Sababu yake wanasema ndani kumebaki mabonge ya damu na yasipotoka tumbo litabaki kubwa na mama ataumwa. Mama mkwe alikandwa kwa watoto wake sita wote na akawakanda mabinti zake.

"Mama, mi nimepasuliwa," nikamwambia.

"Najua mwanangu. Ndo maana nitakukanda taratibu."

Sasa hapa ndo nijieleze. Nilikua najua. Nina simu, nina kidato cha nne, nilishasoma mahali kwamba aliyepasuliwa hakandwi. Lakini ni siku ya nne, mgongo unauma, usiku mzima nimenyonyesha, huyu mama ametoka Mvumi kwa ajili yangu na maji yameshachemka kwa maji ya mgao ambayo kila tone lina hesabu. Nikakubali mgongo. Mgongo ukawa mtamu ajabu, nisikudanganye, niliona usingizi unakuja nimesimama. Kesho yake nikakubali mapaja. Keshokutwa taulo likapanda tumboni na mimi sikusema kitu. Baada ya kukanda ananifunga mkaja, kanga mbili zimeviringishwa kwa nguvu kuanzia chini ya kifua mpaka nyonga, ili tumbo lirudi. Mshono ukawa umelowa kwa maji ya moto, alafu umefungiwa na joto, alafu jua la saa saba. Mtu akikupa kazi ya kuotesha wadudu huwezi kuifanya vizuri zaidi ya hapo.

Siku ya saba nikarudi hospitali. Foleni masaa matatu, ukaguzi dakika mbili. Nyuzi zangu zilikua zile zinazoyeyuka zenyewe kwa hiyo hakukua na cha kutoa, wakabandua plasta, wakasema pazuri, nenda. Na kweli kwa juu palikua pazuri, pamevimba kidogo upande wa kulia tu. Kitu ambacho hakuna aliyeniuliza, si siku ya kuruhusiwa wala siku hiyo, ni swali moja tu: nyumbani uko na nani, na wanakufanyia nini? Wangeniuliza ningesema. Naamini ningesema.

Siku ya tisa nikaanza kusikia harufu.

Mwanzo nilijua ni maziwa, unajua yakichuruzika kwenye nguo yakichacha. Nikabadilisha nguo. Harufu ipo. Jioni nikapata homa, mwili unatetemeka na kanga tatu juu, na matiti yamejaa yamekua mawe, kwa hiyo wote nyumbani tukakubaliana ni homa ya maziwa. Na inaweza kuwa kweli homa ya maziwa ipo, hapo ndo mtego ulipo, mzazi akipata homa sababu ziko nyingi na ile ya mshono inajificha nyuma ya nyingine. Usiku nikageuka kumnyonyesha mtoto nikahisi ubaridi chini ya tumbo. Nikamulika na simu. Kanga ilikua na doa la maji ya rangi ya waridi iliyochanganyika na kitu kama uji mwepesi.

Wifi yangu ndo akaja na rangi mbili.

Zile kapsuli za rangi mbili, kila nyumba unayoijua ina moja kwenye kabati la vyombo, tumeanza kuzimwaga kwenye vidonda tangu tukiwa watoto tukianguka na baiskeli. Unafungua, unamimina unga, kidonda kinakauka. Alimimina kapsuli mbili nzima kwenye kile kitundu, kwa upendo kabisa, huku ananipepea. Na asubuhi palionekana pamekauka kweli! Kuna gamba la njano juu, maji hayatoki, tukashukuru. Mchana homa ikarudi na ukali zaidi, upande wa kulia pamekua pekundu (kwenye ngozi yangu wekundu ni kama zambarau hivi, usitegemee kuona wekundu wa kwenye picha za vitabu), pamoto ukigusa, pagumu kama ndani kuna limao. Mume wangu aliporudi hakuvua hata viatu, akaita bajaji.

Tulienda zahanati ya karibu. Na pale nikakutana na sista mmoja mtu mzima, mwili mkubwa, sauti ndogo. Kitu cha kwanza alichofanya hakuniangalia mimi wala mshono, alienda kwenye ndoo ya maji yenye koki pale ukutani akanawa mikono, mbele, nyuma, katikati ya vidole, dole gumba, mpaka nikaanza kujiuliza anaosha au anafua. Akavaa glovu. Alipoona lile gamba la njano akacheka kwa pua.

"Rangi mbili hii."

Nikanyamaza.

"Umefunga mlango, wageni wako ndani."

Hiyo sentensi sitaisahau. Akanieleza huku anafanya kazi: unga haufiki walipo wadudu, unagandana na majimaji unakua kama saruji, juu panaonekana pakavu kumbe usaha umekosa njia na unatafuta njia kwenda ndani. Tena dawa yenyewe ikizoeana na wadudu hivo hivo kidogo kidogo, siku ukiihitaji kweli haitafanya kazi. Akalilainisha lile gamba kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya chupa ya dripu, akaling'oa kipande kipande kwa koleo. Alafu akabonyeza pembeni, na kilichotoka sitakiandika hapa maana wengine mnasoma mnakula. Daktari akaja akaangalia kama utando wa ndani umeshika, akasema Mungu ametusaidia, ni ngozi na mafuta tu ndo vimeachia, ndani kuzima. Ningesubiri siku nyingine tatu sijui angesema nini. Nikaandikiwa antibayotiki za kumeza zinazomfaa anayenyonyesha, na nikaambiwa nije kila siku kusafishwa.

Nikauliza, hamnishoni tena? Hapana. Kidonda kilichoingia usaha hakishonwi siku hiyo hiyo, kinaachwa wazi kijae chenyewe kutoka chini kuja juu.

Basi karibu wiki nne hiyo ndo ikawa kazi yangu. Kitundu kilikua na urefu wa punje tatu za mahindi zilizopangwa na kina cha kucha na nusu, na mimi niliweza kukuchorea ramani yake. Kila asubuhi sista anatoa gozi ya jana, polepole, na ikiwa imekauka ikagandia haivuti, anailowesha kwanza anasubiri. Anamwagia maji ya chumvi. Spiriti hakuweka hata siku moja, nilipomuuliza akasema spiriti na ile dawa inayotoa povu inaua wadudu na inaua pia nyama changa inayoota, sasa unajenga huku unabomoa. Alafu anachukua gozi mpya, anailowesha, anaikamua, anaiingiza kwa kuilegeza isijazwe kama pamba kwenye mto, juu gozi kavu, plasta. Mwanzo chini ya kidonda palikua na utelezi wa njano. Siku ya sita au ya saba hivi akaniletea kioo, akasema angalia. Palikua pekundu, pana vinundu vidogo vidogo vinang'aa kama ndani ya komamanga. "Hiyo ndo nyama unayoitaka. Sasa ukiigusa na mikono michafu tutagombana."

Siku hiyo hiyo akauliza yule mama anayekusubiri pale nje ni nani. Nikamwambia. Akatoka mwenyewe akamwita, "Mama, karibu ndani uone." Nilitamani nizame. Lakini hakumgombeza. Akamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, mama mkwe akafurahi, wakasogea wakaangalia kidonda wote wawili kama watu wanaoangalia sufuria la maharage.

Mama mkwe akasema, "Mimi nilikua namtoa damu."

Sista akasema, "Ni kweli mama damu lazima itoke. Lakini inatoka yenyewe kwa chini, wiki kadhaa, na mfuko wa uzazi unajikunja wenyewe, mtoto akinyonya ndo unajikunja zaidi. Yale maumivu anayoyapata akinyonyesha ndo kukandwa kwenyewe, kunafanyika kwa ndani. Huyu kuna kidonda hapa na kingine ndani usichokiona. Taulo la moto linalowesha hiki na linakandamiza kile." Kisha akampa kazi. Hilo ndo lilinishangaza, hakumwambia acha akaishia hapo, alimpa kazi: wewe mama ndo msimamizi wa mikono nyumbani, asimshike mtu mtoto wala mzazi hajanawa. Kanga zake zifuliwe, zianikwe ndani zisikae kwenye vumbi, zipigwe pasi. Mkaja legeza. Akioga asiloweke kwenye beseni, ajimwagie, alafu pale panakaushwa kwa kitambaa safi, kwa kugusagusa bila kusugua, na akilala mchana ainue lile tumbo pale papumue hewa.

Ungemuona mama mkwe baada ya hapo. Ndoo ya koki ikanunuliwa, ikawekwa kwenye stuli mlangoni. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kutupongeza akanawishwa. Mchungaji akanawishwa. Mume wangu alijaribu kupita akiwa na haraka akaulizwa kwani wewe umezaliwa na nani. Maji ya mgao yakawa hayatoshi, na nafikiri hilo tuliseme, ukimwambia mtu anawe mara kumi kwa siku uwe unajua dumu la lita 20 linatoka wapi na nani analibeba. Kwangu lilibebwa na wifi, maana dumu hilo ni kilo 20 na mimi nilikatazwa kubeba kitu chochote kizito kuliko mtoto mchanga kwa wiki sita. Binti yangu mkubwa alikua akilia nimnyanyue, nakaa chini yeye ndo anapanda, tulikubaliana hivo. Kovu hata baada ya miezi mitatu linafika kama asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya zamani, halifiki mia tena. Najua wanawake wanaochota maji wiki ya pili na wanasema mbona mimi sijafumuka. Hongera.

Chakula, mama mkwe hakuhitaji kufundishwa na mtu. Ugali wa uwele, mlenda wa karanga, supu ya jogoo, maharage. Kuna jirani alisema maharage yanachimba kidonda na mayai yanaleta usaha, mama mkwe akamuuliza kwani kidonda kinajazwa na nini, hewa? Na mlenda una kazi nyingine ambayo watu wanaona aibu kuiandika: choo. Baada ya operesheni unaogopa kwenda haja kubwa kuliko unavyoogopa kisu, na ukikaza mshono unavuta. Mlenda na maji ya kunywa mengi, basi.

Usiku wakati wa kunyonyesha nilikua nasoma kwenye simu, na ndo nikakutana na habari ya daktari mmoja wa Vienna, Ignaz Semmelweis. Mwaka 1847 alikua kwenye hospitali yenye wodi mbili za wazazi, moja ya wakunga, moja ya madaktari na wanafunzi wao, na ile ya madaktari ndo wazazi walikua wanakufa zaidi kwa homa, mpaka wanawake walikua wanalia wasipelekwe huko. Akagundua madaktari wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kuwapima wazazi. Akawalazimisha kunawa mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa nne mwaka huo, kabla hajawalazimisha, wazazi zaidi ya 18 kati ya 100 walikufa, ilipofika mwezi wa sita ni kama 2. Wenzake wengi hawakumwelewa, waliona anawaita wachafu, na mwaka 1865 alifia kwenye hospitali ya vichaa, kwa kidonda kilichoingia wadudu. Nilimsimulia mama mkwe saa kumi usiku huku anambembeleza mtoto. Akakaa kimya muda. Akasema, "Kwa hiyo na madaktari walikua kama mimi."

Kovu langu saa hivi lina mwaka na miezi. Kona ya kulia limeinuka kidogo, ngozi zetu hizi zinapenda kuota kovu nene, na juu yake kuna kipande cha ngozi hakina hisia, nikijikuna naona najikuna mtu mwingine. Wanasema ni mishipa midogo iliyokatwa, kwa wengine hisia zinarudi kwa wengine hazirudi.

Mwezi uliopita mama mkwe kanipigia kutoka Mvumi, mtandao unakatakata, nyuma yake nasikia wanawake wanabishana. Mtoto wa jirani yake kajifungua kwa kisu na sufuria liko motoni.

"Mwanangu, nimewaambia wasimkande tumbo hawanisikii. Yule daktari wako wa mikono anaitwa nani vile?"

Nikamwambia Semmelweis.

"Nani?"

"Se-mmel-weis, mama."

Kimya. Alafu nikamsikia anawageukia wale wanawake, kwa ile sauti yake ya mlangoni: "Anaitwa Simioni! Haya, nani hajanawa?"